Saa ya Dirisha la Atupele

Simu ya Atupele ilinikuta uani kwangu hapa Vwawa nikichambua maharage. Namba sikuijua, lakini sauti niliitambua kabla hajamaliza salamu, maana Atu hajaacha kusema kama watu wa kwao Ileje, kila sentensi inapanda kilima halafu inashuka. "Eliza, mimi Atu. Yule wa Tunduma." Kana kwamba ninaye Atu mwingine. Miaka yote hii nilikuwa naisubiri simu hiyo na huku naiombea isije, na ilipokuja haikuwa na lawama hata chembe. Aliniuliza afya, watoto, mvua. Kisha akasema binti yake Neema amechumbiwa na kijana wa Tunduma, na mambo yamekwama kwa upande wa kijana. "Baba yake mkubwa ndiye msemaji wa ukoo. Ni yule dereva, Silwimba. Kasema hawawezi kuoa kwa mwanamke aliyekuwa anauza foleni." Nilisikia kuku wakilia upande wake. "Wanakuja tena Jumamosi, mara ya mwisho. Njoo uwaambie, Eli." Hakusema niwaambie nini. Nilimjibu nitakuja, nikarudi kwenye maharage, na nilipoyapika jioni yalikuwa na mawe.

Mimi ni mtu wa maneno. Wanafunzi wangu wa kompyuta wananiita Mama Redio, na wanadhani sijui. Lakini kuhusu mwaka ule nimekuwa bubu, hata marehemu mume wangu hakuusikia wote. Habari za nilikozaliwa na nani alinisomesha tuziache, hazina kazi hapa. Ilikuwa zamani kidogo, Songwe haijawa mkoa, Tunduma bado tunaihesabu Mbeya. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya na kiburi kipya, nikachukuliwa kwa majaribio na kampuni moja ya kutoa mizigo pale mpakani. Ofisi ilikuwa nyumba ndefu ya matofali katikati ya yadi ya malori, vumbi jekundu mpaka ndani ya chupa ya chai. Ilikuwa na madirisha mawili ya kupokelea madereva. Moja lilitazama barabara ya Mbeya, likipokea malori yanayotoka Dar. La pili lilitazama upande wa Nakonde, Zambia, likipokea malori ya shaba. Kwenye hilo la pili alikaa Atupele, amejifunga kitenge miguuni kwa ajili ya baridi, na kikombe chake cha bati kando ya kompyuta.

Kazi niliyoletewa ilikuwa hii. Kila dirisha lilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa na programu ndogo ya kutunza kumbukumbu za malori, iliyotengenezwa na fundi mmoja aliyekwisha kuhama. Fomu zake zilikuwa mbaya kwa sura, rangi ya kijani kama ukuta wa zahanati, lakini makarani walizizoea kiasi kwamba waliandika huku wanamtazama dereva usoni. Sasa makao makuu Dar wakanunua seva kubwa, ya kampuni nyingine kabisa, isiyojuana na ile programu yetu hata kwa salamu. Bosi Mahenge, aliyekuwa anakaa Mbeya na kushuka kwetu mara mojamoja, alitaka kumbukumbu zote ziende Dar, ila hakutaka makarani wajifunze upya. "Fomu zibaki zilivyo," aliniambia. "Kinachobadilika kiwe nyuma, wasikione." Nikamwambia inawezekana, tunahitaji tu dereva, maana ndivyo tunavyokiita kile kiprogramu cha kupatanisha kompyuta na seva ya kampuni nyingine. Bosi akachungulia yadi. "Dereva mwingine wa nini? Hawa wote hawakutoshi?"

Nilijivunia kazi ile kuliko nilivyowahi kujivunia kitu. Niliyahamisha majedwali yote kwenda Dar, nikaacha fomu za kijani Tunduma, nikazifunga kwa waya usioonekana. Mara ya kwanza kuifungua kwenye dirisha la Atu, kila kisanduku kwenye skrini kiliandika kwa Kiingereza kwamba rekodi imefutwa. Juu mpaka chini, mstari kwa mstari, imefutwa, imefutwa. Atu aliweka kikombe chini. Hakupiga kelele, alikaa tu ameshika shavu kama mtu aliyepokea habari za msiba, kisha akaanza kunong'ona kwa Kindali maneno ambayo sikuyaelewa. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa mle. Nikamshika bega nikamwambia hakuna kilichofutwa. Nikampigia kijana wa Dar, akazisoma kwa simu rekodi zake moja moja, namba za malori na majina ya madereva, na Atu akawa anaitikia "ndiyo, huyo, ndiyo" mpaka rangi ikamrudia. Shida ilikuwa ndogo: programu ya huku ilishindwa kutambua alama ambayo seva inatofautishia rekodi moja na nyingine, na ikishindwa kuitambua inasema haipo. Niliibadilisha alama hiyo, kila kitu kikarudi. "Kwa hiyo mashine inaweza kusema uongo," Atu akasema. Nikacheka, nikamwambia mashine haisemi uongo, watu ndio hawaijui. Nilikuwa na majibu ya namna hiyo mengi siku zile.

Tulikuwa tunakaa wote chumba kimoja nyuma ya soko, mimi na yeye. Ndiye aliyenipokea, kwa sababu mshahara wa majaribio haukutosha kupanga peke yangu. Kulikuwa na vitanda viwili, jiko la mkaa mlangoni, na pazia lililogawa chumba ingawa hatukuwa na cha kufichana. Atu alipika ndizi na maharage kama kwao, na chumvi yake ilikuwa ile ya mawe ya Ivuna, ya kijivujivu, aliyoisaga kwa chupa kwa sababu ya viwandani aliiona haina ladha. Alininyima kuosha vyombo. "Msomi haoshi sufuria," alikuwa akisema, na haikuwa heshima, ilikuwa utani, maana niliwahi kuunguza sufuria yake mpya nikisoma kitabu cha mafunzo. Ukuta ulikuwa wa mabati upande mmoja, tukawa tunasikia majirani wote: yule mama muuza vitenge akibishana kwa Kibemba na wateja wake wa Nakonde, mume wake akiuliza chakula, mtoto akilazimishwa kuoga. Atu aliyafasiri yote na kuongeza ya kwake. Nimekaa kwenye nyumba nzuri baadaye. Sijawahi kucheka ndani ya nyumba kama nilivyocheka kwenye chumba kile, na ndiyo maana sipendi kukikumbuka.

Sasa niseme habari ya saa, maana kila kitu kimelala hapo. Tunduma watu wanaishi na saa mbili. Ukivuka barabara kuingia Nakonde unarudi nyuma saa nzima. Unaweza kumaliza chai ya saa nne huku, ukavuka, ukakuta wenzio ndiyo kwanza wanaandaa ya saa tatu. Simu nazo zinayumba, zinashika mnara wa ng'ambo na kubadilika zenyewe. Hakuna anayeona ajabu. Unamwuliza mtu saa, anakujibu, nawe unamwuliza, "ya huku au ya ng'ambo?" Kompyuta ya Atu siku zote ilikaa kwenye saa ya Zambia, kwa sababu madereva wake walitoka huko na kutwa waliuliza ofisi za kwao zinafungwa lini. Mtu wa Tunduma anaongeza moja kichwani, maisha yanaendelea. Na kwa kuwa kila dirisha lilikuwa na kumbukumbu zake na zamu yake, haikumdhuru mtu.

Siku nilipomaliza kuunganisha, Atu aliniuliza. Alikuwa anamenya viazi, mgongo kwangu. "Eli, ile saa ya kompyuta yangu niirudishe huku? Maana sasa tunaandika Dar." Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Acha tu. Saa sasa inatoka kwenye seva, ya kwako haihusiki." Na nusu ilikuwa kweli. Saa ya lori kutoka yadini niliipanga mwenyewe itoke kwenye seva. Lakini saa ya lori kufika ilikuwa inajazwa na ile fomu ya kijani, kama zamani, kutoka kwenye kompyuta iliyo mbele ya karani. Fomu zibaki zilivyo. Sikuzigusa, na sikuzichungulia.

Kwa hiyo malori ya madirisha mawili yakaingia kwenye orodha moja Dar, na orodha ikarudi kwa afisa wetu wa nyaraka ikiwa imepangwa kwa saa ya kufika. Lori la shaba lililofika saa tano liliandikwa saa nne. Likapita mbele ya la Dar lililofika saa nne na nusu, na linalofuata likapita, na linalofuata. Madereva wa Dar wakaanza kununa. Walisema wa shaba wanatangulizwa, yule dada wa dirishani anapokea kitu. Na kweli Atu alikuwa na kitenge kizuri alichopewa na dereva mmoja mzee wa Zambia, aliyemwita ba mayo, yaani mama, kwa sababu aliwahi kumchemshia maji ya dawa. Alikivaa bila wasiwasi wowote. Nilisikia manung'uniko yale kwa masikio yangu nikipita na chai. Niliyachukulia kama kelele za yadi.

Silwimba alikuwa dereva wa malori ya Dar, mwenyewe mtu wa Ivuna, mrefu, mpole siku zote. Aliingia yadini asubuhi moja na habari kwamba baba yake amefariki. Aliomba nyaraka zake zipite upesi, amkabidhi utingo wake lori, awahi kuzika. Afisa alimwambia hawezi kuruka orodha, lakini asihofu, yuko karibu. Akakaa kwenye kivuli cha gari lake akisubiri. Malori ya shaba yakaingia na kumpita, moja baada ya jingine, na yeye anayaona kwa macho yake kwamba yamemkuta pale. Alipotoka, gari la mwisho la kuelekea Ivuna lilikuwa limeondoka. Alifika kwao kesho yake, akakuta kaburi limeshafunikwa.

Aliporudi hakuja kwa upole. Alisimama mbele ya dirisha la Atu, akamwita mwizi, akasema umeuza nafasi yangu ya kumzika baba yangu. Madereva wakajaa. Siku hiyo bosi Mahenge alikuwepo. Aliniita nifungue orodha kwenye kompyuta yangu mbele ya wote, akalisoma lori moja la shaba, akamwuliza mlinzi wa geti alilifungulia lini, na mlinzi akasema saa tano. Kwenye orodha ilikuwa saa nne. Bosi akamgeukia Atu. "Umeandika saa za uongo." Atu akasema haandiki saa, kompyuta ndiyo inaandika. Kisha akasema, taratibu, "Labda ni ile saa ya kompyuta yangu." Na watu wa Tunduma waliokuwepo wakaanza kuitikia kwa vichwa, maana wao ndiyo kitu cha kwanza wangefikiria. Bosi akaniuliza mimi. "Eliza. Saa hizi ni za nani?"

Hapo nilijua. Niliiona ile fomu ya kijani na kisanduku chake cha saa ambacho sikukigusa, nikaiona kama ninavyouona mkono huu. Niliona pia kipindi changu cha majaribio, na kiburi changu chote kimesimama katikati ya madereva. Nikasema, "Bosi, seva ina saa moja tu, ya Dar. Haikosei." Kila neno lilikuwa la kweli. Atu alinitazama mara moja. Nilidhani atasema, Eliza ndiye aliyeniambia niache. Hakusema. Nadhani alikuwa ananingoja mimi niseme, kwa sababu yeye angekuwa mimi angesema. Bosi akamwambia afungashe.

Alipokuwa ameenda kuchukua vitu vyake, nilikaa kwenye kiti chake ambacho bado kilikuwa na joto, nikabadilisha kisanduku kile ili saa itoke Dar. Ilikuwa kazi ya muda mfupi mno, inaniuma kusema mfupi kiasi gani. Kesho yake nilimwambia bosi, ndani, mlango umefungwa, kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya saa nimeirekebisha. Akasema vizuri, ndiyo kazi tuliyokuajiria. Hakuuliza ilikuwa hitilafu ya nini, nami sikuongeza. Malori ya shaba yakaacha kuwapita ya Dar, na yadi nzima ikasema umeona, tangu aondoke yule mwizi foleni imenyooka. Nilithibitishwa kazini. Chumbani nilikuta nusu ya Atu imefagiliwa, pazia limekunjwa, na ile chumvi ya Ivuna ameniachia kwenye kopo lake. Kwa kazi ile nimesomesha watoto, na kila waliponishukuru nilimkumbuka mwenye kile kiti chenye joto.

Jumamosi nilipanda gari pale njia panda ya Mpemba mpaka Itumba, kwa Atu. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya vilima na wanawake walikuwa wanashuka na mikungu ya ndizi. Atu alinipokea mlangoni. Amekuwa mnene, nywele nyeupe mbele, na alinishika mikono yote miwili akasema tu, "Umekonda, msomi." Akaniingiza sebuleni. Wenyeji upande huu, wageni upande ule, mshenga katikati anafuta jasho na baridi yote ile. Silwimba alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

Niliwaeleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na mimi ni mwalimu, kueleza ninajua. Sikutaja seva wala majedwali sana. Niliwaambia nyumba mbili zilifunguliwa mlango katikati, moja ina saa ya huku na nyingine ya ng'ambo, na aliyefungua mlango hakulinganisha saa. Wazee wa Tunduma walielewa kabla sijamaliza, wakaanza kuguna. Niliwaambia aliyefungua ni mimi. Niliwaambia Atupele aliniuliza, nikamwambia aache.

"Uliijua lini?" Silwimba akauliza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyonitazama.

"Siku ileile," nikasema. "Tulipokuwa tumesimama pale."

"Siku ya huku au ya ng'ambo?" akasema shangazi mmoja wa kijana, na wachache wakacheka puani. Silwimba hakucheka. Alizungusha fimbo. Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Badala yake aliinuka, ikamchukua muda kuinuka, akavuka lile zulia mpaka upande wa wenyeji, akavua kofia. "Dada Atupele," akasema, "nilikuita mwizi mbele za watu, na nimekuita mwizi nyumbani kwangu mpaka wanangu wanajua. Nilikuwa na uchungu wa baba yangu. Naomba unisamehe. Binti tumempenda." Atu akalia, na watu wakaanza kupiga makofi yale ya taratibu ya kupokea neno, na mshenga akafuta jasho kwa mara ya mwisho.

Mimi nilibaki nimesimama pale nilipokuwa naelezea. Ndipo nilipogundua kwamba katika maelezo yangu yote, marefu, mazuri, yaliyoeleweka na kila mtu, nilisema ilivyotokea na nani alifanya nini, na neno la kuomba msamaha sikulisema. Mtu aliyekosa kumzika baba yake kwa sababu yangu alilisema kabla yangu.

Nilimfuata Atu jikoni. Alikuwa anaonja maharage, amenipa mgongo kama siku ile ya viazi. Kando ya moto kulikuwa na kibakuli cha chumvi ya mawe. Nikasema, "Atu, nisamehe." Ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri, nikairudia. Akachukua chumvi kidogo, akaitia, akakoroga. Nikasema, kwa sababu siwezi kunyamaza mahali pa kunyamaza, "Hata Silwimba amekuomba."

"Silwimba hakujua," Atu akasema.

Alifunika sufuria, akaigeukia rafu na kunipa sahani, nyingi, mpaka mikono ikanijaa. "Wapelekee wageni," akasema. "Wametoka mbali."